Picha ya Penseli ya Bwana Asiyejulikana

Dalmas aliisomea sanaa ya Ulaya kwenye usukani. Chuo chake kilikuwa Toyota nyeupe, mhadhiri wake alikaa kiti cha nyuma, na darasa lilianza kila asubuhi pale mtaa wa Malaz, Riyadh, gari lilipotoka getini kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kukaa Saudia. Mhadhiri alikuwa Daktari Hanan, binti wa huyo kafili, ambaye alizoea kuurudia mhadhara wake kwa sauti akiwa njiani. Mhadhara alioupenda kuliko yote ulihusu picha moja tu, uso wa bwana fulani uliochorwa kwa penseli zama za Uromantiki, yaani miaka mia mbili iliyopita, wasanii wa Ulaya walipochoka kutumwa na akili wakaamua kuutumikia moyo. Mtu mwingine angesinzia. Dalmas hakusinzia, kwanza kwa sababu alikuwa akiendesha, na pili kwa sababu asubuhi moja Daktari alitaja picha hiyo ilinunuliwa kwa bei gani mnadani.

Dalmas nusura apande ukingo wa barabara. Picha yenyewe haikuwa na rangi hata moja. Alipouliza kwa adabu, "Madam, sasa hao watu walilipia nini?", Daktari akamjibu kwamba walilipia namna ya kuitazama. Jibu hilo lilimkaa vizuri sana. Alielewa kwamba mali iko kwenye maelezo, na maelezo alikuwa nayo yote kichwani, bure, pamoja na kikohozi cha Daktari na pale anaposema tutaendelea baada ya mapumziko.

Haja nayo haikuchelewa. Daktari alipata kazi ya kufundisha ng'ambo, babake mzee akaamua kumfuata, nyumba ikatafutiwa mnunuzi, na dereva na mlinzi wakaambiwa kwa upole kwamba watakatiwa huruj nihai, ile ruhusa ya kuondoka Saudia moja kwa moja. Kwa Mkenya mwingine hiyo ni habari ya nyama choma. Kwa Dalmas ilikuwa msiba. Kabla ya kuja Riyadh alikuwa ameuza kiwanja kimoja cha Kitale kwa watu wanne, kila mmoja kwa siri yake, na kilichomlinda muda wote huo ni kwamba wanne hao hawakujuana. Sasa walikuwa wamejuana. Walikuwa hata na kundi la WhatsApp, na mwenyekiti wao alikuwa amemtumia ujumbe mmoja tu, wa heshima kabisa, kwamba wana hamu ya kumwona.

Kwa hiyo ilikuwa lazima apate kafili mwingine wa kuhamishia ikama, kibali chake cha kuishi, kabla ya huyu wa sasa kubonyeza simu na kumkatia huruj. Pale mtaa wa Shumaisi kulikuwa na dalali aliyeweza kumtafutia, lakini dalali huyo hakuwa akifanya kazi kwa mapenzi. Zilitakiwa pesa, na upesi. Basi Dalmas akamtazama Lawrence kwa macho mapya.

Lawrence alikuwa mlinzi wa geti lilelile, kijana wa Butere, mpole, mwenye maneno machache na mkono wa ajabu. Ukimpa picha ya simu atakuchorea mtu wako kwa penseli mpaka umsikie akikuita. Vyumba vingi vya Wakenya pale Shumaisi vina mama wa mtu ukutani, na wengi wa akina mama hao ni kazi ya Lawrence. Mchumba wake, Velma, alikuwa akifanya kazi za ndani huko Jeddah, kwa Bwana Adnan, tajiri wa manukato mwenye wazimu wa vitu vya kale. Katika simu zao Velma alilalamika sana kuhusu saa, majambia na mabirika anayoyafuta vumbi. Alisema pia kwamba bosi wake hajawahi kununua kitu kwa thamani yake. Raha ya Bwana Adnan ni kumpata mtu asiyejua alicho nacho, amlipe kiduchu, kisha amcheke mbele ya wageni.

Lau wajanja wangekuwa na sala yao, Dalmas angeisali papo hapo. Mpango aliomweleza Lawrence ulikuwa mwepesi. Lawrence angechora picha ya kizamani, aende nayo kwa Bwana Adnan akijifanya mjinga aliyeachiwa karatasi na Mzungu mmoja mzee ambaye yeye alimlindia geti zamani. Dalmas naye angekuwa msomi wa Riyadh anayeisaka picha hiyo kwa udi na uvumba. Tajiri akishasikia maelezo ya msomi, tamaa ingemaliza kazi. Pesa ni nusu kwa nusu, alisema Dalmas, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa ameshaangalia basi la yeye kurudi Riyadh peke yake.

Tatizo lilikuwa uso. Wa kuiba mtandaoni usingefaa, kwa kuwa siku hizi mwenye shaka huipiga picha kwa simu, na simu ikamwambia ilikotoka. Wa kubuni Lawrence hakuuweza, maana yeye huchora anachokiona. Ulitakiwa uso wa kweli ambao hakuna mtu aliyewahi kuutazama.

"Nichore mimi," Dalmas akasema.

Lawrence alidhani ni utani. "Na si utakuwa umesimama hapo hapo mbele ya picha, buda?"

"Sikiza. Nimeendesha watu hapa miaka yote hii. Nani amewahi kuniangalia uso? Wao huona kisogo. Nikifa leo, madam akiulizwa nilifanana aje, atasema nilikuwa na shingo safi."

Aliyasema hayo kwa kucheka, lakini lilikuwa jambo linalomuuma, na Lawrence aliliona. Isitoshe, Daktari Hanan alikuwa amefundisha kwamba Waafrika walikuwepo kwenye miji ya Ulaya zama hizo na picha zao ni adimu, na Dalmas kwa upande wake hakuona kwa nini adimu huyo asiwe yeye. Akazungushiwa shemagi nyeupe, kile kitambaa cha kichwa cha Waarabu, shingoni iwe tai ya kibwana, akageuza kichwa pembeni kuelekea dirisha la kibanda cha mlinzi, akaweka huzuni. Karatasi ilikuwa ukurasa mtupu wa nyuma wa atlasi ya kale iliyotupwa na wenye nyumba, na manjano yake ilikuwa ya haki.

Ugomvi ulikuja kwenye koti. Wachoraji wa zama zile, kwa mujibu wa kiti cha nyuma, waliushughulikia uso mpaka ukapumua, lakini koti walilipitia kwa mistari michache ya haraka na kuliacha hivyo. Lawrence hakuweza kulikubali jambo hilo. Maishani mwake hajawahi kumkabidhi mteja koti nusu.

"Watasema nimekula pesa yao bila kumaliza kazi," alisema.

Dalmas akamwambia kwamba hiyo ndiyo sanaa. Lawrence akasema huo ni uvivu, na aachwe angalau atie vifungo. Ilibidi Dalmas ainuke kitini ampokonye penseli. Kifungo kimoja kilikuwa kimeshaingia, na kilikuwa kifungo kizuri mno, chenye matundu na uzi.

Kazi ilipokwisha, Dalmas alimpigia simu Bwana Adnan, kwa sauti nzito ya mtu anayekatizwa vitabu vyake. Akajitambulisha kuwa Daktari Dalmas wa Riyadh. Amesikia, alisema, kwamba kuna mlinzi wa Kikenya anazunguka na mchoro fulani bila kuujua, na kama mlinzi huyo atafika Jeddah, tafadhali Bwana Adnan asiununue mpaka yeye auone. Neno hilo la asiununue lilifanya kazi yake. Ijumaa iliyofuata wote wawili walikuwa kwenye basi la Jeddah, viti vya mbalimbali, kama watu wasiojuana. Dalmas alikuwa ndani ya suti ya Elphas, rafiki yake mhudumu wa hoteli, na alijiona amependeza.

Bwana Adnan alikuwa mzee mnene, mchangamfu, ambaye mamake alizaliwa Mombasa, hivyo Kiswahili alikuwa nacho tangu utotoni. Lawrence aliachwa jikoni na chai. Daktari Dalmas aliketishwa kwenye majlisi, sebule ya wageni, yenye saa nyingi zisizokubaliana, picha ikawekwa mezani mbele yake, na Velma akamimina kahawa bila kuinua macho. Dalmas akakohoa kikohozi cha Daktari Hanan.

"Tusiulize ni nani, tuulize amechorwa vipi," alianza. "Tazama kichwa. Kimegeuzwa robo tatu, hakitukabili. Mchoraji wa zamani zaidi angemkalisha bwana huyu atutazame kama mfalme kwenye sarafu. Huyu anatazama pembeni. Kuna jambo lake analiwaza, na sisi hatukualikwa. Huo ndio Uromantiki."

Bwana Adnan akasogea. Dalmas akampeleka polepole. Hapa kwenye ukosi, alisema, penseli imekandamizwa, mstari ni mnene na mweusi. Ukipanda shavuni mstari unakonda, unakonda, mpaka unapotea kabisa, na bado shavu unaliona, maana jicho lako ndilo linalolimalizia. Mwanga wa paji la uso haukuchorwa, ni karatasi tupu iliyoachwa, na ushujaa wa mchoraji uko kwenye kile alichokuwa na nguvu ya kukiacha. Kisha akaja kwenye pua, akaeleza vile vimistari vidogo vilivyolala upande mmoja vinavyoipa mlima na bonde, akapanda nayo kwa kidole na kushuka nayo, taratibu, kwa upendo.

"Na koti mbona halikuisha?" Bwana Adnan aliuliza.

"Kusudi. Mabega chini, kichwa juu, umbo lote ni pembetatu. Macho yetu hayana pa kwenda ila usoni. Koti lingeisha, tungetazama vifungo."

"Kimoja naona kimeisha."

Dalmas akainamisha kichwa kwa heshima. "Hicho kifungo," alisema, "kimegombanisha maprofesa."

Kisha lilimtokea jambo ambalo hakulipanga. Alipokuwa akieleza yale macho ya pembeni, na ule mdomo uliofumbwa kama wa mtu aliyezoea kutojibu, alisahau kwamba kuna kitu anauza. Tajiri mzima alikuwa ameinama, pumzi ameizuia, akiutazama uso wa Dalmas wa Kitale mstari kwa mstari. Ulikuwa uso wa karatasi, sawa, lakini ulikuwa wake, na furaha aliyoisikia haikuwa ya utapeli. Ilimbidi ameze kahawa yote kwa mkupuo. Ili kujiokoa akasema tutaendelea baada ya mapumziko.

Bwana Adnan hakungoja mapumziko yoyote. Dalmas alimsihi, kama walivyopanga, kwamba picha hiyo aiachie chuo, na kadiri alivyosihi ndivyo tajiri alivyoharakisha. Lawrence akaitwa. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, sura ya ujinga ameivaa barabara.

"Mwanangu," Bwana Adnan alisema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "wataka nini kwa kijikaratasi hiki?"

Jibu walilokubaliana lilikuwa la pesa, na Lawrence alikuwa amelikariri njia nzima. Akaitazama picha. Akamtazama Velma aliyeshika dele la kahawa.

"Mimi sitaki pesa, bosi," alisema. "Kafili wangu anafunga nyumba. Nichukue mimi. Nihamishie ikama nikae hapa kwako, nilinde geti."

Macho ya Bwana Adnan yaling'aa. Mlinzi alikuwa akimtafuta hata hivyo, na sasa anampata pamoja na hazina ya Ulaya juu yake. Dalmas alihisi suti ya Elphas inambana kila mahali. Alikohoa, safari hii kikohozi chake mwenyewe, akasema labda ndugu huyu afikirie tena, mtu wa hali ya chini humfaa zaidi pesa taslimu. Bwana Adnan akamwomba Daktari asiingilie, kwa kuwa mtu anajua anachotaka. Mzee wa Riyadh alipigiwa simu, akafurahi kusikia mlinzi wake amepata pa kwenda, vidole viwili vitatu vikabonyeza, halas. Kahawa ilikuwa haijapoa.

Jamani, pesa hugawika. Hata Dalmas aliyekusudia kuigawa mafungu mawili makubwa, yote yake, angeweza kurushiwa kitu. Ikama haigawiki. Ina jina moja na picha moja, na jina hilo lilikuwa la Lawrence.

Dalmas alimkamata nje, kwenye kivuli cha ukuta, akamuuliza kama ana haya. Lawrence alikuwa nayo, na hakuificha.

"Nilikuchora siku nzima," alimjibu polepole. "Uso ukiuchora siku nzima unaujua. Mdomo ulikuwa unaniambia nusu kwa nusu, na macho yalikuwa yashaondoka na hiyo pesa. Nisamehe, Dalmas. Velma yuko hapa, na mimi sikuwa na pengine."

Dalmas akaenda kulala mtaa wa Karantina, chumbani kwa Wakenya waliomkunjia miguu, na asubuhi akarudi kwa Bwana Adnan bila tai. Alikuwa amebaki na karata moja, nayo ilikuwa ukweli, kitu ambacho hakuwa na uzoefu wa kukitumia. Akakiri kwamba yeye si daktari, ni dereva. Picha ina umri wa wiki chache, na aliyeichora ni huyo mlinzi aliyefungua geti sasa hivi. Basi, alisema, Bwana Adnan amchukue na yeye, ama Jeddah nzima itajua kwamba amechezewa shere.

Bwana Adnan alimmiminia kahawa.

"Nalijua hilo tangu jana," alisema. "Mimi nilianza maisha hapo Karantina, mwanangu, na duka la kupiga picha za ikama. Nyuso ngapi zimepita mbele yangu, hata siwezi kukwambia. Mlinzi alikuja na weusi wa penseli vidoleni, na wewe ulipofika kwenye ile pua, uliishika yako."

Dalmas akaweka kikombe chini. Kumbe suti humfanya mtu aonekane. Yeye alikuwa ameivaa, akaingia nayo mpaka majlisini, na ndani yake akaendelea kujihesabu kisogo.

"Sasa mbona uliichukua?"

"Nimepata mkono unaochora vile kwa bei ya mlinzi. Mji huu una watu wazito wanaotaka mabwana wa zamani ukutani, nami nitawauzia mpaka mkono uchoke. Lawrence nimeshamwambia, atakuwa na chumba chake na penseli zake. Amekubali, ila anadai kumaliza makoti."

Matumaini yakampanda Dalmas mpaka shingoni. Alisema mkono peke yake hautoshi, picha bila maelezo ni karatasi, na mdomo ndio huo uko mbele yake. Bwana Adnan akapapasa chini ya mto wa kochi, akatoa simu, akabonyeza. Kikohozi cha Daktari Hanan kikasikika, halafu sauti ya Dalmas ikaanza, tamu, bila haraka, kichwa kimegeuzwa robo tatu. Mzee alikuwa ameirekodi yote. Alikuwa tayari amekariri mpaka kwenye ukosi.

Dalmas akaacha ujanja. Alimweleza habari ya Kitale yote ilivyo, kiwanja, wale wanne, kundi lao, bila kujipamba hata kidogo. Hakuomba udaktari tena. Aliomba aoshe magari, abebe maboksi, afanywe chochote kile mradi ikama ihamie hapa. Bwana Adnan alisikitika kweli. Alimgeuza kichwa kwa vidole viwili, kushoto na kulia, akimkagua dirishani kwa muda mrefu na kwa huruma.

"Ningekuchukua," alisema, "lakini wewe umetundikwa ukutani. Mgeni atakaa pale, nitamwonesha bwana wa miaka mia mbili, kisha atoke nje amkute bwana yuleyule anafuta kioo cha gari. Mimi nitaiweka wapi sura yangu?"

"Nitafuga ndevu."

"Mifupa haifugi ndevu, mwanangu. Huwezi kuonekana Jeddah tena. Wala Riyadh, maana nina wateja huko."

Tiketi alimkatia mwenyewe, ya siku za karibu kabisa, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya alimwongezea boksi la tende. Lawrence alimfungulia geti akiwa na sare mpya. Walishikana mikono, na kila mmoja alitaka kusema jambo, ila Velma alikuwa akiita kutoka ndani kwamba bosi anaulizia penseli.

Juma hilohilo uso wa Dalmas ulitiwa fremu ya dhahabu ukatundikwa juu ya kochi la heshima. Watu wazito wa Jeddah huketi mbele yake wakanyamaza, Bwana Adnan akakohoa, akawaeleza kwamba bwana huyu ana jambo lake analiwaza. Uso huo haudaiwi ikama, haujui kafili, na hakuna anayeuharakisha. Sehemu zake zilizobaki zilipanda ndege ya mchana na boksi la tende mapajani. Dadake Rispah, kwa furaha, alikuwa ameitangaza safari kwenye status, na pale Nairobi, mlango wa kutokea abiria, watu wanne kutoka Kitale walikuwa wamejipanga kwa mstari, wakitazama kwa makini kila uso uliotoka.